Mikono ya Shati kwa Taa za Nyuma

Nililizoea gari lile kama mtu anavyomzoea mgeni asiyeaga. Lilikaa chini ya kibanda cha mabati kando ya nyumba yetu ya Katelembo kwa misimu mitatu ya mahindi, na kutoka kwenye veranda, nilikoketi na cherehani yangu, nililiona likikua. Kwanza lilikuwa fremu tupu ya pikapu kuukuu, mbavu tu na magurudumu. Kisha likapata sakafu, likapata milango, likapata paa. Mwisho mume wangu akalitengenezea mgongo. Alizilaza shiti za chuma juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, akazigonga kwa nyundo ya mbao wiki baada ya wiki, mpaka zikainama, zikavimba, zikashikana. Sehemu ya nyuma ikatoka ya mviringo kama kibuyu cha maziwa, bila kona hata moja. Alasiri, jua likishuka upande wa barabara, mwanga uliteleza pale juu ukikosa mahali pa kusimama. Kuku walijaribu kupanda, nao wakateleza.

Mume wangu aliendesha mashine ya kusaga mawe huko Lukenya kwa karibu miaka ishirini. Mashine ile ilitulisha sisi na watoto wetu wawili, ambao sasa wana nyumba zao, na polepole ikamla masikio. Hakuna siku ninayoweza kuitaja nikasema hapo ndipo alipoacha kusikia. Ilikuwa kama maji ya silanga, bwawa letu la mvua, wakati wa kiangazi: kila siku yapo, na kila siku yamerudi nyuma kidogo. Alipoteza ndege kwanza, halafu redio, halafu mvua juu ya mabati. Sauti yangu ilikuwa ya mwisho kuondoka, na haikuondoka yote. Nikisimama mbele yake, nikamtazama usoni, nikasema polepole, alishika nusu kwa sikio na nusu kwa macho.

Lakini mazungumzo ya namna hiyo huchosha. Yale maneno madogo ambayo watu wa nyumba moja hutupiana bila sababu, leo kuna baridi, huyu mbuzi ana nini, ndiyo yaliyotangulia kufa. Tulibakiwa na maneno ya lazima: chakula kiko tayari, mtoto amepiga simu, lete maji. Alipoacha kazi yeye akaenda zake kibandani, nami nikabaki na sare zangu za shule. Sikuwahi kumuuliza gari lilikuwa la nini. Akina mama wa kanisani wakiniuliza niliwaambia anajifurahisha tu, na nilipolisema hilo nilihisi kama mtu anayemsemea jirani asiyemjua vizuri.

Siku moja alirudi kutoka Machakos mjini na taa mbili za nyuma kwenye mfuko wa karatasi. Zilikuwa za duara, za ukubwa wa sahani ya kikombe, nyekundu upande mmoja na rangi ya chungwa upande wa pili, za aina ile unayoiona nyuma ya matrela. Alizifuta kwa shati lake, akaziinua juani moja moja, akachungulia ndani. Uso wake ukawa mwekundu, kisha wa rangi ya chungwa. Nilikuwa natia vifungo kwenye blauzi. Nikaacha kidogo, nikamtazama, kisha nikaendelea.

Kesho yake alasiri nilisikia mlio mdogo, kama kikombe kinapopasuka kwenye maji ya moto. Nilipotazama alikuwa ameketi juu ya kigoda nyuma ya gari, kioo cha taa mkononi kikiwa vipande viwili. Yeye hakuusikia mlio ule. Alikuwa ameuhisi kwenye vidole.

Shida ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuiondoa. Tako la taa lilikuwa sawa kama meza. Mgongo wa gari ulikuwa unapinda kila upande, kutoka juu kwenda chini na kutoka kulia kwenda kushoto kwa wakati mmoja. Ukiiweka taa pale iligusa katikati tu, na kingo zake zikaning'inia hewani. Ukikaza skrubu ili kingo zikae, taa inapasuka. Alirudi mjini akanunua nyingine. Safari hii alikata raba ya tyubu ya gurudumu, tabaka juu ya tabaka, akajaza ile nafasi mpaka taa ikakaa bila kulalamika. Akazifunga zote mbili, akaunganisha waya na betri, akaniita.

"Mama watoto, kuja uone hii kitu."

Nilienda.

"Simama pale kwa geti. Mimi nitakanyaga breki. Uniambie vile zinaonekana."

Nilisimama getini. Akakanyaga. Sikuona chochote. Nikasogea kushoto, nikasogea kulia, nikachuchumaa, nikapanda juu ya jiwe. Ndipo nikaelewa. Taa zilikuwa zinawaka vizuri kabisa, ila zilifuata mgongo wa gari, kila moja ikitazama njia yake kama macho ya kinyonga. Ya kulia ilikuwa inamulika matawi ya juu ya mkaratusi wetu. Ya kushoto ilikuwa inaangalia choo cha jirani.

Alitoka garini akasimama akingoja jibu. Kutoka pale nilipokuwa sauti yangu isingefika, kwa hiyo nikainua mkono mmoja nikauelekeza juu ya mti, na mkono wa pili nikauelekeza kwa jirani, nikakaa hivyo. Alinitazama. Kisha mabega yake yakaanza kutetemeka. Alikuwa anacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba huwa anacheka bila sauti, kichwa kimeinama, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

"Kata hapo nyuma pawe sawa," nilimwambia nilipomfikia. "Upate ukuta wa kuweka taa."

Alitikisa kichwa. Akaugonga mgongo wa gari kwa kidole.

"Hii imevutika kama ngoma. Nikikata hapa, yote italegea."

Siku zilizofuata nilimwona akijaribu kila kitu. Alichonga viti vya mbao vya kukalisha taa, vikakaa vizuri upande mmoja na kuinuka upande wa pili. Alijenga kiti cha puti, ile dawa ya kuziba mabonde ya bodi, akakipiga msasa kutwa nzima mpaka kikawa laini kama yai. Gari liliposukumwa nje kikang'oka kizima kikaanguka kwenye majani. Hakukasirika. Alikiokota, akakigeuzageuza, akakiweka juu ya rafu pamoja na vitu vingine vilivyokataa. Lakini jioni ile hakula vizuri, na asubuhi hakuenda kibandani. Aliketi kwenye kiti cha veranda, karibu nami kuliko alivyokaa kwa miaka mingi, akitazama barabara.

Mimi nilikuwa nashona majoho ya kwaya. Kwa mtu asiyeshona, joho ni gunia lenye shingo, lakini lina kazi moja inayohitaji utulivu, nayo ni kuingiza mkono kwenye bega. Bega la mtu limepinda kila upande. Mkono wa nguo ni bomba. Kuvikutanisha hivyo viwili bila makunyanzi ndiko kunakomtofautisha fundi na mtu mwenye cherehani. Nilikuwa nimeutandaza mkono mmoja juu ya meza kabla ya kuushona, na upepo ukauinua ukingo wake, ukaushusha. Kile kitambaa kilipolala kilikuwa na umbo la kilima: kinapanda taratibu, kinafika kileleni, kinashuka. Nimekata vilima vya namna ile maelfu. Siku ile nilikitazama kama ndiyo mara ya kwanza.

Nilimgusa mume wangu begani. Nikauchukua ule mkono wa joho, nikatangulia kibandani, naye akanifuata.

"Hii ni nini?" nilimuuliza.

"Mkono."

"Ikilala iko aje?"

Aliutazama. Akachora kilima hewani kwa kidole.

"Sasa angalia." Niliukunja ule mkono ukawa bomba, nikaubandika kwenye mgongo wa gari mahali pa taa. Ukingo wenye kilima ukaufuata mpindo wa chuma, na mdomo wa bomba, ule ambao kiganja cha mwimbaji kingetokea, ukatazama nyuma moja kwa moja, kuelekea barabarani. Haukukaa sawasawa, ulikuwa umekatiwa bega la mtu. Lakini yeye aliona. Niliona anavyoona. Alikishika kile kitambaa kwa vidole viwili kwa uangalifu, kana kwamba kingeruka.

"Taa yako inataka mkono mfupi," nikamwambia. "Hili ni bega."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ile. Cherehani yangu ilikaa siku nne bila kukanyagwa.

Tulitafuta mkebe wa ukubwa wa taa, ule wa mafuta ya kupikia. Yeye aliusimamisha nyuma ya gari juu ya kifaa alichokiunda kwa mbao, akautazamisha nyuma kwa msaada wa kamba mbili zilizovutwa kutoka kwenye ekseli, mpaka tukaridhika kwamba hauangalii mti wala choo. Mimi nilichukua tepu yangu na chaki. Nikauzunguka mkebe, na kila baada ya upana wa vidole viwili nikapima umbali kutoka kwenye mdomo wake hadi kwenye mgongo wa gari. Hapa inchi moja. Hapa moja na nusu. Hapa mbili na robo. Nilisema kila kipimo huku nikimtazama, naye akakiandika kwenye mbao, na nilipogeuka nikaona ameandika vyote sawa, hakukosea hata kimoja.

Nilihamishia vile vipimo kwenye gazeti, nikaunganisha alama kwa mstari mmoja. Kilima kikatokea. Kilikuwa kimelegea upande mmoja, kama vilima vya Lukenya ukivitazama ukiwa mbali barabarani. Nikakikata kwa makasi yangu mazuri, yale ambayo kwa miaka yote sijaruhusu mtu aguse karatasi nayo, kwa sababu karatasi huua makali. Mume wangu aliyajua hayo. Aliyatazama makasi, kisha akanitazama mimi.

Mkono wa kwanza wa karatasi haukukaa. Chini uliacha mwanya ambao panya angepita. Mgongo wa gari ulipinda zaidi upande wa chini kuliko nilivyodhani, na vidole viwili vilikuwa hatua kubwa mno kwa mahali pale. Nilipima tena kwa upana wa kidole kimoja. Nikabandika vipande vya gazeti kwa uji wa unga, nikapunguza hapa, nikaongeza pale, nikachanja ukingo vijichanjo vidogo ili ulale, kama tunavyofanya kwenye shingo ya nguo. Mkono wa tatu ulipokaa, ulikaa kwa namna ambayo tuliacha wote kupumua. Hapakuwa na mwanya hata wa kupitisha kucha. Jua lilikuwa linapenya kwenye matundu ya misumari ya mabati, na vitone vyake vilikuwa vimetua juu ya gazeti, juu ya chuma, juu ya mikono yake. Sikujua ilikuwa saa ngapi. Nakumbuka njiwa walikuwa wanalia, na nikataka kumwambia, kisha nikaacha.

Alipoanza kukata chuma nilirudi jikoni kuweka muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, motoni. Nilipotoka alikuwa amekata vipande viwili, amevilaza kando kwa kando, vinafanana kama mapacha. Nikaweka mkono juu ya kifua.

"Umekata mikono miwili ya kushoto," nilimwambia.

"Umesema nini?"

Nilisogea mbele yake. "Ya kushoto. Zote mbili. Nguo haiwezi kuvaliwa hivyo."

Alifikiri. Kisha akachukua kipande kimoja akakigeuza, uso wa chini ukawa juu, akakilaza tena. Kilima kilichokuwa kimelegea kulia sasa kilikuwa kimelegea kushoto.

"Chuma haina ndani na nje," akasema. "Bado sijakunja."

Nilijiona mjinga, lakini ujinga wa kufurahisha. Miaka thelathini nimekuwa mtumwa wa upande wa ndani na upande wa nje.

Kuchomelea ndiko kulikomtia hofu. Joto lingeweza kuulegeza ule mgongo aliouvuta kwa misimu. Basi akachoma kwa vitone, kitone kimoja hapa, kingine upande wa mbali, na kila baada ya kitone mimi nililaza kitambaa kilicholoweshwa maji. Mvuke ulipanda ukatufunika. Vipande vya sare vilivyobaki, vya kijani, vya maruni, vya bluu, vyote vililala juu ya gari lile vikitoa moshi mweupe. Tulizunguka hivyo, kitone na kitambaa, kitone na kitambaa, tangu asubuhi mpaka kivuli cha mkaratusi kikavuka kibanda. Mgongo haukulegea.

Siku ya kufunga taa zenyewe ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Kazi ilihitaji watu wawili, mmoja ndani ya buti akishika nati, mwingine nje akizungusha boliti. Yeye ndiye aliyejua mahali pa waya, kwa hiyo alijikunja akaingia ndani, magoti kidevuni, na mlango wa buti ukafungwa ili taa ikae mahali pake halisi. Sasa hakuniona. Na asiponiona, hakunisikia.

Kabla ya kuingia tulikubaliana. Kugonga mara moja ni shika. Mara mbili ni kaza. Mara tatu ni acha. Nikaweka kiganja changu kwenye chuma, na kupitia chuma nikamhisi akigonga, mara moja. Nikashika. Mara mbili. Nikakaza. Chuma kilikuwa na joto la jua, na kugonga kwake kulifika kiganjani mwangu kama moyo wa ng'ombe ukimlalia ubavuni. Nikajibu. Akajibu. Tulipomaliza boliti ya mwisho alipaswa kugonga mara tatu. Hakugonga. Alianza kupapasa tu upande wa ndani, taratibu, mahali pale pale kiganja changu kilipokuwa upande wa nje, na nikaacha mkono wangu pale.

Nilipofungua buti alikuwa anatokwa jasho. Hakutoka. Aliketi ukingoni, miguu chini, akachukua kikombe cha maji nilichompa, akakishika bila kunywa.

"Kuna siku sikukuambia," akasema.

Niliweka spana chini.

"Nikiwa bado naenda kazi. Nilikuwa natembea kando ya barabara ya Lukenya, asubuhi, natoka kwa stegi ya matatu. Lori ilikuja nyuma yangu. Ilipiga honi. Watu walisema baadaye ilipiga honi sana. Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa nafikiria vitu zangu. Nilisikia upepo tu hapa." Aligusa sikio lake la kulia. "Upepo, halafu kioo yake ya pembeni ikanishika bega, nikaanguka kwa nyasi. Dereva alishuka, akanitukana. Nilikuwa naona mdomo yake ikitukana, na hakuna sauti. Nikajua imeisha."

Nikaikumbuka asubuhi ile, au jioni yake. Alikuwa amerudi na shati limechanika begani, akaniambia alinaswa na mti. Nililishona shati lile. Nililishona vizuri, hata mshono hauonekani.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniambia niache kazi. Na watoto walikuwa shule."

Alikunywa maji. Kisha akasema, bila kunitazama, akiitazama ile taa ya kulia, "Mimi siwezi kusikia chenye inakuja nyuma. Basi chenye inakuja nyuma lazima inione. Lazima inione kabisa."

Nilikaa kando yake kwenye ukingo wa buti. Gari likashuka kidogo kwa uzito wetu, springi zikalia, sauti niliyoisikia peke yangu. Sikujua kwamba kwa misimu mitatu nilikuwa nikimtazama mtu akijijengea mgongo. Nilikuwa nimewaambia watu anajifurahisha.

Tulilijaribu barabarani mwezi wa saba, wakati ukungu unashuka kutoka vilima vya Iveti asubuhi na kukaa mabondeni mpaka saa nne. Nilikuwa nimemwambia angoje siku ya jua. Alikataa. Alitaka ukungu. Nikamwita mwendesha boda boda wa stegi yetu, mama mtu mzima mwenye koti la mvua la njano, nikamwambia tuwe nyuma ya gari lile, tusilipite.

"Hiyo ya bwana yako?" akaniuliza. "Ile ya kibuyu?"

"Hiyo."

"Twende basi."

Mume wangu aliondoka. Kabla hajafika kwenye kona ya kwanza gari lilikwisha kuyeyuka. Bodi ilikuwa ya rangi ya kijivu, bado prima tupu, ile rangi ya kwanza, na ukungu ukaimeza yote, paa, milango, ule mgongo. Zikabaki taa mbili. Zilielea mbele yetu kwa kimo kimoja, zimetulia, zinatutazama moja kwa moja. Alipokanyaga breki ziliongezeka mwanga, na ukungu uliozizunguka ukawa mwekundu kwa upana wa nyumba. Alipotaka kukunja kushoto, rangi ya chungwa ikaanza kupigapiga, na majani ya katani kando ya barabara yakawa yanatokea na kupotea, yanatokea na kupotea. Sikusikia injini yake, boda yetu ilikuwa inanguruma. Kwa muda nilikuwa kama yeye. Hapakuwa na sauti yoyote ya gari lile duniani, ila nuru.

"Mwaitu, mama, unalia?" akaniuliza yule mwenye boda bila kugeuka.

"Ni baridi," nikamwambia.

Ukaguzi wa magari haukuwa na maajabu. Mkaguzi, kijana mpole mwenye faili, alilizunguka gari mara mbili, akainama nyuma, akapitisha kidole kwenye maungio ya ile mikono miwili ya chuma. Akauliza ilitoka kwenye gari gani. Mume wangu hakusikia, akaniangalia. Nikasema ilitoka kwenye joho la kwaya. Kijana alicheka, akaandika kitu. Kisha akamwashiria apige honi.

Mume wangu akabonyeza, akamtazama kwa uso wa mtu aliyemaliza wajibu wake. Hakuna kilicholia. Kijana akamwonyesha abonyeze tena. Akabonyeza, kwa nguvu zaidi. Kimya. Nikatambua kwamba tangu siku aliyoifunga amekuwa akiibonyeza honi ile akiamini inalia, na mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini siisikii. Tulirudi nyumbani. Ulikuwa waya umetoka. Wiki iliyofuata tulirudi, honi ikalia mpaka walinzi wakageuka, na tukapewa karatasi.

Jumapili moja baada ya kanisa, gari likiwa limekwisha kupakwa rangi ya maziwa, alinifungulia mlango. Hakuniambia tunaenda wapi. Tulipita njia ya Lukenya, tukaacha lami, tukasimama mahali ambapo uwanda unafunguka na nyasi ni kavu mpaka macho yanachoka. Swala wachache walikuwa mbali, wamesimama kama vitu vilivyosahauliwa na mtu. Alizima injini. Tukakaa milango ikiwa wazi.

"Kuko aje hapa?" akaniuliza. "Nilifanya kazi karibu hapa miaka yote. Sijui kunasikika aje. Mashine ilikuwa inafunika kila kitu."

Nilimgeukia ili anione mdomo. Nikamwambia kuna upepo, lakini si mmoja, kuna ule wa juu na ule wa kwenye nyasi. Kuna kengele ya mbuzi, iko mbali, imepasuka kidogo. Kuna ndege mmoja anayesema jambo moja tu, anangoja, anarudia. Kuna chuma cha gari kinapoa, kinasema tik, tik. Akataka kujua yule ndege anasema nini. Nilijaribu kumwigiza, vibaya, mara mbili. Aliinamisha kichwa, mabega yakatetemeka.

Tuliporudi nililala. Sijawahi kulala garini maisha yangu yote, huwa nashika kiti na kuomba. Lakini siku ile nilikiegemeza kichwa dirishani nikaona uwanda ukipita, kisha mashamba, kisha sikuona tena. Sijui tulipita njia gani. Niliamka tukiwa getini, injini imezimwa, jua limeegemea ukuta wa nyumba, naye ameketi tu, mikono kwenye usukani, hakutaka kuniamsha.